Maoni Yetu Hufika Bajeti Ikishafungwa

"Kijana wangu, hicho kitabu ulichoshika, chetu kiko wapi?"

Aliyeuliza ni mama anayeuza mboga kwenye soko letu, huku Eastlands, Nairobi. Alikuwa ameachia jirani kibanda chake, akaja ukumbi wa jamii saa nne asubuhi kwa sababu mzee wa mtaa alipita akitangaza kuna kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti. Kijana aliyeulizwa, afisa mpole mwenye kitambulisho shingoni, alikiinua kitabu ili kila mtu akione. Kilikuwa kimoja tu, kinene, cha Kiingereza, kimetobolewa ubavuni na kufungwa kwa ringi za plastiki.

"Mama, ni kikubwa sana, hatungeweza kuchapishia kila mtu. Lakini kiko kwenye tovuti."

Mama alishukuru, akaketi. Kipaza sauti kilipomfikia alizungumzia mtaro ulio nyuma ya soko. Umeziba kwa udongo na takataka, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi chini ya meza, sukuma wiki inaoza, wanunuzi wanaishia kwa wachuuzi wa barabarani. Alisema vizuri, kwa mpangilio, bila kupayuka. Afisa aliandika, akasema, "Tumelichukua hilo," kisha kipaza sauti kikaenda kwa mzee aliyetaka taa za barabarani.

Kikao kilipoisha niliomba kile kitabu, nikasimama nacho dirishani kutafuta mitaro. Niliipata. Mstari mmoja: ujenzi na ukarabati wa mitaro, wadi mbalimbali, halafu jumla ya pesa upande wa kulia. Soko letu halikutajwa. Hakuna soko lililotajwa.

Hapakuwa na mahali pa kuyashikiza maneno ya yule mama.

Hilo ndilo limenikaa kichwani tangu Mei. Hakuna aliyemdharau. Tangazo lilitolewa, ukumbi ulifunguliwa, karatasi ya mahudhurio ilizunguka tukatia saini, kumbukumbu zikaandikwa. Ukiuliza kama umma ulishirikishwa, jibu lipo kwenye faili, na lina saini yangu. Hata hivyo nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba hakuna neno lililosemwa ndani ya ule ukumbi ambalo lingeweza kubadilisha tarakimu hata moja.

Nilitaka kujua kwa nini.

## Kalenda

Jibu nililipata kwenye tarehe. Zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na ni ajabu jinsi zinavyotajwa mara chache mbele ya watu wanaohusika nazo.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Lakini bajeti ya mwaka huo huanza kutengenezwa miezi kumi kabla. Ifikapo Septemba 1 serikali ya kaunti inatakiwa kuwasilisha kwenye bunge la kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ndio unaotaja kaunti inakusudia kufanya nini, wapi, na kwa kadirio la pesa ngapi. Ifikapo Februari 28 unafuata Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti. Huo ndio unaogawa mafungu makubwa: afya wapate kiasi gani, barabara kiasi gani, masoko kiasi gani. Bunge lina siku 14 za kuujadili. Makadirio yenyewe, kile kitabu cha ringi, huja kufikia Aprili 30, na sheria ya kuidhinisha matumizi hupitishwa kabla Juni haijaisha.

Sisi tuliitwa Mei.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa kila mtu wa Nairobi alijue. Kanuni za 2015 za usimamizi wa fedha za kaunti zinasema bunge la kaunti likibadilisha makadirio, haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake.

Asilimia moja.

Siilaumu kanuni hiyo. Iliwekwa ili wawakilishi wadi wasivuruge hesabu dakika ya mwisho, na kwa hilo ina busara yake. Lakini angalia inachomfanyia mama wa mboga. Anafunga kibanda, anapoteza mauzo ya asubuhi nzima, ambayo ndiyo asubuhi ya mapato, anakuja kueleza shida ya kweli kwa ufasaha kuliko afisa yeyote, na anaelezea ndani ya nafasi ya asilimia moja, ambayo nayo inagombaniwa na kila wadi kati ya wadi 85 za jiji hili. Ni kama kualikwa jikoni kuonja chumvi chakula kikiwa kimeshapakuliwa.

Mtaro wake ulihitaji kutajwa Agosti mwaka uliopita. Agosti hakuna aliyemwambia. Wala mimi sikusikia mtu akitaja Agosti pale ukumbini, ingawa hilo lingekuwa swali lenye faida kuliko yote tuliyoulizwa siku ile: mwaka ujao mje na nini, na mje lini?

## Hili ni jukumu la kaunti

Tunapozungumza kuhusu elimu ya uraia tuna mazoea ya kuisukumia kanisa, msikiti, mashirika, na vijana wenye moyo. Katiba ya 2010 haikufanya hivyo. Jedwali la Nne linaorodhesha kazi za serikali za kaunti, na kazi ya 14, hapo hapo pamoja na zahanati na barabara za kaunti na masoko, ni kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mahali zilipo, na kuzisaidia zipate uwezo wa kushiriki.

Kuzisaidia zipate uwezo. Hiyo ni kazi kama kuzoa takataka. Ina haki ya kuwa na bajeti yake, maafisa wake, na ripoti yake ya robo mwaka, nasi tuna haki ya kuuliza ilifanywaje.

Mahakama nazo zimeshasema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu katika kesi iliyofunguliwa na Robert Gakuru na wenzake. Jaji Odunga alikataa hoja kwamba tangazo la gazetini linatosha. Alitaka watu wafikiwe kule waliko, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, na kupitia redio za lugha wanazozielewa. Miaka mitano baadaye Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco dhidi ya Wizara ya Afya, iliweka vigezo vya ushirikishaji wa kweli, na kimojawapo ni kwamba umma lazima uelimishwe kwanza kuhusu jambo lenyewe ndipo uulizwe maoni.

Kwanza. Hilo neno ndilo linalorukwa.

Nimehudhuria vikao ambapo afisa hutumia robo ya kwanza ya muda kueleza kitabu cha mamia ya kurasa, kisha husema sasa tupokee maoni. Mtu mwenye shahada ya uhasibu hawezi kutoa maoni ya maana kwa njia hiyo. Kwa hiyo watu hufanya lililo la busara: wanaomba. Wanaomba taa, wanaomba maji, wanaomba basari. Halafu wakubwa hutoka nje wakisema wananchi hawaelewi sera, wao ni kuomba tu. Hilo hunikera kuliko jambo lolote katika habari hii nzima. Mtu akipewa nafasi ya kuomba peke yake, ataomba.

## Shaka yangu

Kuna rafiki tuliyebishana naye jioni nzima kuhusu haya. Yeye anaamini nahangaika na jambo dogo. Shida ya Nairobi, kwa maoni yake, si kwamba watu hawajui, ni kwamba hawana nguvu. Mpe mama wa mboga kalenda, mpe kitabu kwa Kiswahili, mpe mwalimu wa bajeti: aliyekwisha kuamua ataamua vilevile.

Sikuwa na jibu la haraka, na sijui kama ninalo kamili sasa.

Nilifikiria Juni 2024. Hakuna anayeweza kusema tena kwamba Wakenya hawana hamu ya kusoma sheria. Vijana waliuchambua Mswada wa Fedha wa taifa, ule wa kodi, kifungu kwa kifungu, wakauweka kwenye TikTok na X kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani na kwa lugha ya ishara. Nilimwona kinyozi wetu akimweleza mteja kodi iliyopendekezwa kwa mkate huku wembe ukiwa hewani. Maarifa yalikuwepo. Tarehe 25 waandamanaji waliingia kwenye majengo ya Bunge, watu waliuawa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Ni kweli ulisimama. Lakini ulisimama baada ya hatua zote za kusikilizwa kupita, na ulisimama kwa damu. Rafiki yangu anaona huo ni ushahidi wake: palihitajika nguvu. Mimi naona pia kwamba nguvu ile ilizaliwa siku watu walipoelewa mswada unagusa nini jikoni kwao.

Halafu kuna Mukuru, mitaa ya mabanda ya hapa hapa Nairobi.

Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, yaani lipangwe kwa utaratibu wake lenyewe. Ni zaidi ya kaya 100,000, kwenye ardhi ambayo sehemu kubwa ina hati za watu wengine. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na vyuo vikuu na mashirika kadhaa walikubaliana kufanya jambo ambalo wengi wangesema haliwezekani mjini: kuanza na kaya kumi. Kaya kumi zinachagua mtu wao, vikundi vya kumi vinaungana, na kuendelea hivyo hadi mtaa mzima, ili swali likishuka kutoka juu lifike mlangoni, na jibu lipande likiwa na mwenyewe.

Maswali yenyewe hayakuwa mepesi. Chukua upana wa barabara. Ukitumia viwango vya kawaida vya mipango ya miji katika mtaa uliobanana namna ile, unabomoa nyumba za watu wengi mno. Ukiibana barabara, gari la zimamoto halipiti, na Mukuru wanaujua moto. Nani anapaswa kupima kati ya nyumba ya fulani na gari la zimamoto? Watu waliojadili walikuwa na ramani mbele yao na walijua nyumba ipi iko wapi. Hayo ndiyo maoni. Mtu anajua bei ya kila upande, kisha anachagua.

Barabara za lami na maji vilianza kuingia Mukuru kuanzia 2020. Ningetamani habari iishie hapo. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya nyumba zilibomolewa Mukuru kwa Njenga, na watu wale wale waliokuwa wamekaa na ramani wakalala nje kwenye matope. Rafiki yangu alinikumbusha hilo kabla sijalitaja mwenyewe.

Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba kujua kunatosha. Nasema kwamba bila kujua, hata ile nguvu ndogo tuliyo nayo tunaitumia mwezi usiofaa, mbele ya afisa asiyehusika, kwa jambo lililokwisha kuamuliwa.

## Shilingi kumi

Ubishi ule ulinifanya nitake kuona kwa macho. Tulikaa Jumapili alasiri nyuma ya duka la cherehani, wanachama wa chama kimoja cha akina mama sokoni, kinyozi, kijana wa bodaboda, na mwalimu mstaafu ambaye Kiswahili chake kinatuaibisha sote. Tulikubaliana tusiguse bajeti nzima. Tuchukue jambo moja, ushuru wa soko, tuuweke kwenye karatasi moja: nani anapanga kiwango, kwa sheria gani, mswada wake unakuja lini, na nani ana haki ya kuupinga.

Mswada wa fedha wa kaunti ndio unaopanga ada na ushuru, na unatakiwa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita. Yaani mwaka huu bado hatujachelewa. Mwalimu aliposoma sentensi hiyo, mtu mmoja alisema polepole, "Kumbe bado?"

Mama wa mboga alitoa simu yake, ile ndogo ya vitufe, akafungua kikokotoo. Akauliza: tuseme wameongeza shilingi 10 tu kwa siku. Akabonyeza 10 mara siku 26 za kazi, mara miezi 12. Akaigeuza simu ili tuone.

3,120.

Kila mtu alinyamaza kidogo, maana shilingi 10 hakuna anayeipigia kelele sokoni. Kisha akauliza swali ambalo ukumbini lisingeulizika: "Na hiyo elfu tatu nikiitoa, na wenzangu wote wakitoa, si inatosha mtaro?"

Hapo mazungumzo yaligeuka. Tulianza kuhesabu meza za soko. Kinyozi akasema yeye yuko tayari kulipa zaidi ikiwa takataka zitazolewa kila siku, na iandikwe. Mwanamke mwingine akakataa kabisa: wanaochuuza barabarani hawalipi ushuru wa soko, wanawalipa kanjo, askari wa kaunti, pembeni, basi kwa nini wa ndani ndio wabebe? Kijana wa bodaboda akasema wachuuzi hao ni mama zetu pia. Walipandishiana sauti. Mwalimu alilazimika kugonga meza. Nilikuwa sijawahi kusikia watu wa soko letu wakijadili sera ya mapato ya kaunti, na hawakuhitaji hata neno moja la wataalamu.

Na hawakuafikiana. Hadi leo kinyozi na yule mama hawajaafikiana. Lakini kila mmoja sasa anaweza kusimama mbele ya kamati akasema anataka nini, kwa gharama gani, na ni nani atakayeibeba.

## "Mimi ni mpangaji tu"

Hili lilitoka kwa kijana wa bodaboda alipoulizwa kama atakuja tena, na naliona gumu kuliko lugha ya vitabu.

Watu husifu Kaunti ya Makueni, na kwa haki. Kule mikutano huanzia kijijini, na wananchi huchagua kamati ya kusimamia mradi wao. Lakini mtu wa Makueni anazungumzia kisima atakachokitumia yeye na wajukuu wake. Nairobi wengi wetu ni wapangaji. Kodi ikipanda tunahama kutoka Kayole kwenda Njiru, au kutoka Umoja kwenda Ruai. Kura tumeandikishwa kwingine, wengine bado wanapigia nyumbani, mashambani. Mtaro ukichimbwa Agosti ya mwaka kesho, nani anajua atakuwa anaishi wapi?

Sheria haimwulizi mtu kama ana ploti. Ushuru haumwulizi. Maji ya mvua hayamwulizi. Lakini kutosikia kuwa mahali ni pako ni jambo la kweli, na karatasi hailiondoi. Nimeanza kufikiri kwamba Nairobi tungeanza na mahali pa kazi badala ya mahali pa kulala. Soko, stendi ya matatu, steji ya bodaboda, Gikomba, karakana za jua kali za Kamukunji. Mtu anaweza kuhama nyumba mara nyingi na bado meza yake ya soko isihame. Hapo anawajua wenzake, hapo ana chama, na hapo anakutana na kaunti kila siku ya Mungu kupitia anayekata risiti. Vikao vya saa nne asubuhi kwenye kumbi hupata wale wasio na la kufanya saa hiyo, pamoja na wale waliosikia kuna nauli. Vikao vya sokoni, saa nane mchana biashara ikiwa imepoa, vingepata walipaji.

## Barua

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi kuomba habari kutoka ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kumwandikia. Huulizwi unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na isipojibu unaweza kwenda kwa Ombudsman, anayepokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Mwalimu ameandika yetu kwa Kiswahili. Tumeomba kumbukumbu za kikao cha Mei. Tumeomba orodha ya mahali palipokusudiwa na maneno "wadi mbalimbali" katika mstari wa mitaro. Na tumeomba rasimu ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka sasa, kabla haijapelekwa bungeni Septemba 1, tuisome kwa zamu: kinyozi achukue barabara, chama kichukue masoko, mimi nimepewa afya.

Ikiwa uko wadi nyingine, andika yako Julai, kabla mpango haujapelekwa bungeni. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Taja jina la wadi yako, omba kurasa za wadi hiyo tu ili wasikwambie kitabu ni kikubwa, weka tarehe, na usiondoke pale mapokezi bila nakala yako kugongwa muhuri.